Jinsi ya Kutoa Orodha ya Gemu Bora za Mwaka na Bado Ukasalimiwa Mtaani

Desemba ikiingia, kila mwenye padi hugeuka jaji. Mtu aliyeshinda mwaka mzima kwenye gemu moja ya mpira huamka asubuhi moja, akajikohoza, akatangaza gemu kumi bora za mwaka, kumi kamili, kama Baraza la Mitihani lilivyokuwa likitangaza shule kumi bora kabla halijaamua kuachana na kelele hizo. Nawe usikubali kupitwa. Mwongozo huu umeandaliwa kwa mwaka 2024, lakini ukibadilisha majina ya gemu utakufaa mpaka uzeeke.

Anza kwa kuondoa hofu. Kutokuzicheza gemu unazozisifu hakujawahi kumzuia mtu kuzisifu. Duka la Steam peke yake lilipokea gemu mpya zaidi ya 18,000 mwaka 2024. Ukicheza moja kila siku, bila kuumwa, bila kwenda msibani na bila kuitwa kamati ya harusi, utafunga mwaka umegusa 366, na hizo ni kwa sababu mwaka wenyewe ulikuwa mrefu kwa siku moja. Anayesema "bora za mwaka" anamaanisha bora kati ya zile zilizomfikia. Majaji wakubwa wa Los Angeles wanalijua hilo, wahariri wa London wanalijua, na sasa unalijua wewe. Tofauti yenu ni kwamba wao walitumiwa gemu bure.

Kisha amua mwaka ni nini. Usicheke, hili lina mabishano yake. Tarehe 12 Desemba 2024, kwenye hafla ya The Game Awards huko Los Angeles, gemu sita ziliwania taji la mwaka: Astro Bot, Balatro, Black Myth: Wukong, Final Fantasy VII Rebirth, Metaphor: ReFantazio, na Shadow of the Erdtree. Hiyo ya mwisho ni nyongeza ya Elden Ring, gemu iliyotoka 2022 na kutwaa taji hilohilo mwaka huohuo. Huwezi kuicheza bila kuwa na Elden Ring yenyewe. Na Rebirth ni sehemu ya pili ya ukarabati wa gemu ya 1997. Waandaaji walitoa ufafanuzi mapema kwamba nyongeza na gemu zilizotengenezwa upya zote zinaruhusiwa, watu wakabishana mpaka wakachoka.

Wewe chukua faida ya ruhusa hiyo. Kama kipande cha gemu ya 2022 kinaweza kuwania taji la 2024, basi PES 2013 uliyonayo kwenye PS3 iliyochipiwa, ambayo fundi wa Kariakoo ameijazia majina ya wachezaji wa msimu huu, ina haki zote za kuingia kwenye orodha yako. Jezi ni za 2024, majina ni ya 2024, jasho ni la 2024. Mtu akikuuliza, mjibu kwamba unafuata kanuni za Los Angeles.

Na kama bado unaona haya, kuna takwimu ya kukutuliza. Steam walipofunga hesabu za 2024 walionyesha kwamba katika muda wote ambao wateja wao walicheza, asilimia 15 tu ndiyo ilikwenda kwenye gemu zilizotoka mwaka huo. Asilimia 37 ilikwenda kwenye gemu zenye miaka minane au zaidi. Mchezaji wa katikati kabisa alicheza gemu nne kwa mwaka mzima. Hao ni watu wenye intaneti isiyokatika na kadi za benki zinazokubalika. Orodha ya kumi waliipata wapi?

Hatua inayofuata ni kupima ladha yako kwa gigabaiti. Watu hudai wanachagua gemu kwa hadithi, picha na muziki. Nenda kanunue bando uone. Black Myth: Wukong kwenye kompyuta inataka nafasi ya gigabaiti 130. Balatro inataka megabaiti 150. Ukishapiga hesabu ya bando, na ukakumbuka kwamba umeme ukikatika katikati ya kushusha huna uhakika itaendelea pale ilipoishia au itaanza upya kwa makusudi, utajikuta ghafla una falsafa. Utaanza kusema gemu kubwa "zimepoteza roho." Utasema unavutiwa na "kazi za watengenezaji wadogo." Utaitaja Animal Well, iliyotengenezwa na Billy Basso kwa miaka mingi karibu peke yake, ambayo yote kabisa haifiki megabaiti 50, na utaitaja kwa sauti ya mtu aliyechagua. Hiyo ndiyo ladha. Ladha nyingi duniani zimezaliwa hivyo.

Bei nayo isaidie kukuza falsafa hiyo. Final Fantasy VII Rebirth ilitoka kwa dola 70, yaani zaidi ya shilingi 160,000 bila kuhesabu makato. Kwa orodha yako iite "ndefu mno." Ni kweli ni ndefu, kwa hiyo hujasema uongo.

Sasa tuje kwenye suala la uraia, ambalo wenzetu wa nchi nyingine hawana haja ya kulifikiria. Ukiitazama orodha rasmi ya nchi zinazohudumiwa na mtandao wa PlayStation, kusini mwa Sahara utaikuta Afrika Kusini. Tanzania haimo, Kenya haimo, Uganda haimo. Hivyo siku unayoleta PS5 nyumbani, kabla hujaung'oa hata ule mfuko wa plastiki, unapaswa kuhama nchi. Wengi huhamia Marekani, wakajaza anuani ya hoteli waliyoiona kwenye filamu. Wengine huenda Uingereza, kwa kuwa kuna shangazi huko. Wenye jamaa Oman wana bahati zaidi, kwa sababu Oman imo kwenye orodha, na binamu wa Muscat ana anuani ya kweli na kadi ya benki ya kweli. Tatizo ni kwamba fedha za duka hazivuki mpaka. Kadi iliyonunuliwa kwa ajili ya akaunti ya Marekani haiingii kwenye akaunti ya Oman, hata uiombe vipi. Kwa hiyo chagua nchi yako ya pili kwa makini kuliko ulivyochagua kombi ya kidato cha tano, na ukishachagua usitangetange.

Hapa ndipo Helldivers 2 inapopata nafasi yake. Ilitoka Februari 2024, kazi ya Arrowhead wa Stockholm, na ni gemu ya kuchekesha kwelikweli: wanne mnashushwa kwenye sayari kupigana na wadudu na mashine kwa ajili ya "demokrasia" ya dunia ambayo haijawahi kumuuliza mtu lolote, na kombora uliloliita mwenyewe lina uwezekano mkubwa wa kumwangukia mwenzako kuliko adui. Watu wa Steam waliinunua kwa wingi. Mwanzoni mwa Mei, Sony wakatangaza kwamba kila mchezaji wa Steam atalazimika kuwa na akaunti ya PlayStation. Gemu ikaondolewa sokoni katika nchi na maeneo 177 ambako akaunti hiyo haitolewi, sisi tukiwemo. Wachezaji wakaandika maoni mabaya zaidi ya 200,000 kwa siku chache, na tarehe 6 Mei amri ikafutwa. Amri ilifutwa, ila duka halikufunguliwa papo hapo kwa zile nchi 177. Tukabaki na ushindi mkononi na gemu hatuna.

Kwa orodha yako, iweke ya nne. Usieleze sana. Andika tu kwamba umeiweka hapo "kwa kuzingatia mazingira," na wenye kuelewa wataelewa.

Utahitaji pia kusifu angalau gemu mbili usizozigusa kabisa. Usiogope, lugha ya kazi hiyo ipo tayari na haitozwi ushuru. Sema "mandhari inapumua." Sema "mchezaji anaachiwa uhuru." Sema "mapigano yana uzito." Maneno hayo matatu yanafaa kwa gemu yoyote iliyowahi kutengenezwa, ukitoa ile ya nyoka kwenye simu za tochi, na hata hiyo nyoka akishiba anakuwa na uzito. Kwa Black Myth: Wukong, ongeza kwamba imejengwa juu ya Safari ya Magharibi, simulizi kongwe ya Kichina ya nyani mwenye fimbo, na kwamba watengenezaji wake, Game Science wa Hangzhou, waliuza nakala milioni 10 ndani ya siku tatu hivi. Atakayekusikia atadhani umeimaliza mara mbili. Akianza kukuuliza kuhusu bosi fulani, shika simu sikioni utoke nje.

Kwa Metaphor: ReFantazio tumia mbinu nyingine. Hii ni gemu ya wale wale wa Persona, inachukua saa 80 na ushee, na kisa chake ni mfalme ameuawa, kisha anatafutwa mrithi atakayeungwa mkono na wananchi wengi zaidi. Wagombea wanazunguka nchi wakijinadi, wanashindana kwa vituko, wananchi wanapepea kushoto na kulia kufuata upepo. Sema tu kwamba "inasema mengi kuhusu siasa zetu" kisha nyamaza, tena nyamaza haraka.

Lakini kama unataka usalama kamili, usalama ambao hakuna shahidi atakayeuvunja, chagua Concord. Sony waliitoa tarehe 23 Agosti 2024 kwa dola 40. Tarehe 6 Septemba wakaizima na kuwarudishia watu fedha zao, na mwezi uliofuata studio yenyewe ikafungwa. Ilidumu wiki mbili. Seva za Sony zimeshazimwa, si rahisi mtu kuiwasha akakupinga. Ukisema ilikuwa na mfumo bora wa kulenga shabaha kuliko gemu zote za mwaka, nani atabisha? Mimi mwenyewe nimefikiria kuiweka ya sita, kwa heshima ya marehemu.

Kitakachokusumbua zaidi ni mpira. Ukweli ni kwamba gemu iliyokula muda wako ni ya mpira, iwe EA Sports FC 25 kwenye banda la jirani au eFootball kwenye simu ndani ya daladala, na mashine inajua. PlayStation hutuma muhtasari wa mwaka, Steam hutuma muhtasari wa mwaka, na huko saa zako zimeandikwa bila huruma. Ndiyo maana wenye orodha za heshima hawaonyeshi muhtasari huo. Mpira hauwi kwenye orodha za heshima. Unahesabika kama chakula cha kila siku, na nani aliwahi kutaja ugali kwenye orodha ya vyakula alivyokula hotelini?

Hata hivyo, ukitaka kuona gemu inavyochezwa, banda la mpira ndiyo shule. Televisheni moja, padi mbili ambazo moja kishikizo chake cha kushoto kinavuta upande, benchi la mbao, na mwenye banda anayetazama saa kwenye simu kuliko anavyotazama wateja. Kanuni ni kwamba anayefungwa anapisha.

"Kaka, Real Madrid umeichukua tena?"

"Kwani wewe ulikuwa unataka ipi?"

"Hiyohiyo."

"Basi chukua City. Kwanza dakika zimeanza kuhesabika, usinipotezee hela."

Mechi inakwisha sare, mwenye banda anasema muda umekwisha, na hapo sheria inakosa kifungu, maana hakuna aliyefungwa. Nimeona watu wazima, mmoja wao mzee wa kanisa, wakijadili suala hilo kwa umakini ambao ungefaa kumaliza mgogoro wa kiwanja. Hakuna gemu kati ya zile sita za Los Angeles iliyowahi kuzaa mjadala kama huo mtaani kwetu. Kwa hiyo, ukiwa jasiri, iweke FC 25 ya kumi na uandike "kwa sababu za kijamii."

Na sasa niombe ruhusa nipunguze dhihaka kidogo, kwa sababu Balatro siwezi kuitania kwa muda mrefu.

Imetengenezwa na mtu mmoja wa Kanada anayejiita LocalThunk, ambaye jina lake halisi amelificha. Ilitoka 20 Februari 2024, ikauza nakala milioni moja kabla haijatimiza mwezi mmoja, ikaingia kwenye simu Septemba, na kwenye zile tuzo za Desemba ikabeba tatu. Ni karata. Karata hizi hizi za kopa, uru, shupaza na pau tunazozicheza chini ya mwembe, ila unapambana na namba badala ya mtu.

Unapewa karata nane mkononi, unacheza zisizozidi tano kwa mkupuo, na raundi ya kwanza inakudai pointi 300 kwa mikupuo minne. Tuseme umetoa K mbili. Jozi inaanza na chipu 10, na kila K inaongeza 10, jumla 30. Jozi inazidishwa mara 2. Hapo una 60, njaa tupu. Lakini tuseme una Jokeri anayeongeza 4 kwenye kizidishi: sasa ni 30 mara 6, yaani 180. Ukapata na Jokeri wa pili, ambaye kila unapocheza jozi huzidisha kizidishi chote mara 2. Jokeri husomwa kutoka kushoto kwenda kulia. Ukimweka wa kujumlisha kushoto, 2 inakuwa 6, kisha 12, na K zako mbili zinatoa 360: raundi imekwisha kwa mkupuo mmoja. Ukiwapanga kinyume, 2 inakuwa 4, kisha 8, unapata 240, bado unadaiwa. Karata zilezile, Jokeri walewale, ila umemkalisha mtu kiti kisicho chake.

Kuna Jokeri 150, na gemu nzima ni hiyo kazi ya kuwapanga viti. Unaweza kutumia nusu saa kujenga rundo lote liwe la kopa, ukajiona umeyaweza maisha, kisha anatokea bosi aitwaye The Head ambaye kazi yake ni kuzizima karata zote za kopa. Unakaa unatazama ukuta. Dakika moja baadaye unaanza upya, saa imeshakuwa nane usiku.

Ukitaka kuwaudhi watu wa vikao, waeleze hili. Bodi ya Ulaya inayopanga gemu kwa umri, PEGI, mwaka 2024 iliipa Balatro 18, kwa hoja kwamba inafundisha mikono ya poka. Ndani yake huwezi kutumia hata senti moja ya kweli. Ukishainunua ndiyo basi. EA Sports FC, ambamo mtoto anaweza kununua kwa fedha za mama yake pakiti za kadi za wachezaji bila kujua ndani kuna nani, mwaka huohuo ilikuwa na alama ya 3. Tatu, yaani umri wa chekechea. LocalThunk mwenyewe alitania kwamba labda aweke kamari ya kweli ndani yake ili nayo ishushwe hadi 3. Mimi ningekuwa mzazi ningejua kabisa padi ya nani niifiche kwanza.

Astro Bot, iliyobeba taji lenyewe, nayo naisifu bila kinyongo. Ilitoka tarehe ileile 6 Septemba ambayo Concord ilizimwa, kwa hiyo Sony siku hiyo walizika na kuzaa. Roboti mdogo anatafuta wenzake zaidi ya 300 waliopotea, na padi ya PS5 inakutetemesha mkononi tofauti akikanyaga mchanga, tofauti akikanyaga kioo, tofauti mvua ikimnyeshea kichwani. Hatua nyingi humalizika kwa dakika chache. Kwa nyumba ambayo televisheni inadaiwa na taarifa ya habari saa mbili na tamthilia baada yake, hiyo ni sifa kubwa kuliko hadithi ya saa 80. Sijaona mhakiki yeyote aliyeizingatia.

Halafu kuna nafasi ya Mwafrika. Kila orodha yenye adabu huwa na gemu moja ya Kiafrika, nayo huwekwa ya tisa au ya kumi, karibu na mlango, ikapewa sentensi moja yenye neno "fahari." Mwongozo wa kawaida ungekushauri uweke hapo Tales of Kenzera: Zau, iliyotoka 23 Aprili 2024, useme "fahari," ufunge mjadala. Usiicheze, maana ukiicheza utalazimika kuwa na maoni.

Mimi niliicheza. Mtengenezaji wake ni Abubakar Salim, Mwingereza mwenye asili ya Kenya, ambaye wachezaji wengi walianza kumsikia 2017 kama sauti ya Bayek kwenye Assassin's Creed Origins. Alifiwa na baba yake, na Desemba 2023 alipanda jukwaani kwenye tuzo zilezile akaeleza kwamba gemu hii imetoka kwenye msiba huo. Ndani yake, kijana Zuberi anasoma hadithi aliyoachiwa na marehemu baba yake. Hadithi inamhusu Zau, mganga kijana mwenye vinyago viwili, cha jua na cha mwezi, anayekwenda kwa Kalunga, mungu wa mauti, kumpa mkataba: nikikuletea mizimu mikuu mitatu, unirudishie Baba. Kalunga anakubali, kisha badala ya kungoja kwenye kiti chake anafuatana naye njia nzima kwa umbo la mzee mtulivu. Mara kwa mara wanakaa chini ya mbuyu wakazungumza.

Tusidanganyane: mapigano yake yanakinai kabla ya mwisho. Maadui ni walewale, chumba kinafungwa, unapiga wote, chumba kinafunguka. Kuna mahali unakimbizwa, na kosa moja tu linakurudisha mwanzo, na hapo nilimtaja mganga kijana kwa majina yasiyochapika. Lakini unaweza kuchagua sauti za Kiswahili. Kaa hapo kidogo. Umelelewa na gemu zilizokufokea kwa Kiingereza, Kijapani na Kihispania cha watangazaji wa mpira, halafu kijana mwenye mavazi ya rangi ya jua anasimama mbele ya mauti na kuzungumza lugha ambayo wewe umezikia watu wako. Nilicheza sehemu ya mwisho mlango ukiwa wazi, mama akapita na kapu la nguo, akasimama.

"Huyo mtoto anamlilia nani?"

"Baba yake, mama."

"Na huyo mzee hamwambii ukweli?"

Alikuwa amesikiliza kwa dakika mbili na akawa ameshaelewa gemu yote. Hakukaa, alikuwa na nguo za kuanika.

Baada ya hapo iliyobaki ni kazi ya uchapaji. Panga namba kuanzia kumi kushuka hadi moja, usianze na moja, maana watu wakishaiona ya kwanza hawasomi tena, wanaanza kutukana moja kwa moja. Acha gemu moja maarufu kwa makusudi ili wachangiaji wapate cha kufanya. Toa orodha usiku wa Ijumaa, zima simu. Mtu akikuambia huna ladha, muulize yeye mwaka 2024 alimaliza gemu ngapi, kwa majina. Ukimya utakaofuata ni mtamu.

Kwa wanaotaka yangu bila porojo: ya kwanza ni Balatro, ya pili Tales of Kenzera: Zau kwa sauti za Kiswahili, ya tatu Astro Bot, ya nne Animal Well. Helldivers 2 naiweka ya tano kwa heshima ya zile nchi 177. Kuanzia ya sita hadi ya kumi ni mpira, na anayetaka kubisha nitamkuta bandani Jumamosi. Real Madrid ni yangu.